Port Arthur: gereza lililoletea Tasmania aibu, leo wajukuu wanalitembelea

Katika Australia, jamaa nyingi hupenda kusafiri kwa motokari kubwa zenye vitanda, jiko na hata choo ndani. Wanaotaka kuzunguka kisiwa cha Tasmania huingiza motokari hizo katika meli huko Geelong, karibu na Melbourne, na kuteremka Devonport. Wengi wao huendelea mpaka kusini, karibu kilomita 100 kutoka mji mkuu Hobart, ili kuona gereza la zamani la Port Arthur.

Kabla ya kufika huko, barabara inapita Eaglehawk Neck, ukanda wa nchi kavu usiofika mita 100 kwa upana, bahari ikiwa pande zote mbili. Zamani askari walifunga hapo mbwa wakali kwa minyororo, mmoja karibu na mwingine, ili mfungwa asipite. Hata hivyo, mwaka wa 1842 Martin Cash na wenzake wawili waliogelea na kutoroka. Leo msafiri anavuka hapo bila mtu kumuuliza kitu.

Uingereza ilipeleka wafungwa zaidi ya 70,000 katika kisiwa hicho, kilichoitwa wakati ule Van Diemen's Land, mpaka mwaka wa 1853. Wengi walihukumiwa kwa wizi. Port Arthur ilianza mwaka wa 1830 kama kambi ya kukata miti, kisha ikawa mahali pa kuwaadhibu wale waliofanya kosa lingine baada ya kufika. Ng'ambo ya bandari, Point Puer, kulikuwa na gereza la wavulana. Wengine walikuwa na miaka 9 tu.

Jengo linalowagusa sana wageni ni lile la kufungia watu peke yao. Humo hakukuwa na fimbo. Adhabu ilikuwa kimya. Mfungwa alikaa saa 23 kwa siku ndani ya chumba chake, na saa moja alitembezwa nje peke yake. Alipotoka alifunikwa uso, na aliitwa kwa namba. Walinzi walivaa viatu laini visivyotoa sauti. Hata kanisani, kila mmoja alisimama ndani ya kisanduku chake ili asimuone jirani. Viongozi waliamini kwamba mtu akibaki na mawazo yake atatubu. Kando ya jengo hilo kulijengwa pia nyumba ya wagonjwa wa akili.

Gereza lilifungwa mwaka wa 1877. Wakaaji hawakutaka tena kusikia habari zake, na mji ukapewa jina jipya, Carnarvon. Moto wa 1895 na 1897 ukaharibu majengo mengi. Lakini watalii walizidi kuja, na mwaka wa 1927 jina la Port Arthur likarudishwa. Mwaka wa 2010, UNESCO iliingiza mahali hapo katika urithi wa dunia.

Kuna pia huzuni ya karibu zaidi. Tarehe 28 mwezi wa nne 1996, mtu mwenye silaha aliua hapo watu 35. Baada ya mauaji hayo serikali ya Australia ilikaza sheria za bunduki na kununua nyingi kutoka kwa raia ili ziharibiwe. Bustani ya ukumbusho imetengenezwa kwa ajili yao, na wageni wanaombwa wasiwaulize wafanyakazi juu ya siku hiyo.

Kwa miaka mingi, jamaa za Tasmania zilificha kwamba babu yao alikuja akiwa amefungwa minyororo. Siku hizi ni kinyume. Wengine wanafika Port Arthur wakiwa na jina la babu mkononi. Vitabu vya serikali vya wakati ule vimetunzwa: vinaonyesha kosa la kila mmoja, urefu wake, rangi ya macho, hata alama za mwilini. Mtu aliyeitwa kwa namba, leo wajukuu wake wanamtafuta kwa jina.