Kuikagua Nyumba Kabla Haijafunikwa

Mwananchi anayejenga nyumba ya kuishi kwa akiba yake mara nyingi humkabidhi fundi mwashi saruji, nondo na mabati, kisha hurejea kazini kwake. Uwezo wa kumlipa mhandisi hana. Siku anapohamia, kuta zimekwisha pigwa lipu na kupakwa rangi, sakafu inang'aa, na jicho halioni dosari yoyote. Baada ya miaka michache nyufa huanza kutambaa kutoka pembe za madirisha, na sakafu hutoa vumbi kila ifagiliwapo. Kufikia hapo marekebisho huwa ya gharama kubwa, kwani chanzo cha ubovu kimo chini ya ardhi au nyuma ya lipu.

Jambo hili hutokea kwa sababu nyumba hujengwa kwa kufunika. Msingi hufukiwa kwa udongo, nondo humezwa na zege, na matofali hufichwa na lipu. Kwa hiyo ukaguzi wenye manufaa si ule wa siku ya kupokea funguo, bali ni ule unaofanywa kabla tabaka moja halijafunika jingine. Ukaguzi huo hauhitaji mitambo. Chupa, kamba, timazi, futikamba na daftari vyatosha, mradi mwenye nyumba aelewe sababu ya kila kipimo.

Mtaro na pembe

Kabla zege la msingi halijamwagwa, hapana budi kushuka mtaroni. Sakafu ya mtaro iwe udongo mgumu wa asili, usiodidimia kwa kisigino, wala si kifusi au udongo wenye mizizi. Penye udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, ushauri wa mhandisi ni wa lazima, kwani msingi wa kawaida hauwezi kustahimili mwendo huo.

Pembe hupimwa kwa kamba. Kutoka kwenye pembe moja, mita 3 hupimwa upande huu na mita 4 upande wa pili. Umbali baina ya alama hizo mbili ukiwa mita 5 kamili, pembe ni mraba. Usawa wa msingi hupimwa kwa mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha maji ndani, kwa kuwa maji yaliyotulia husimama kimo kimoja katika ncha zote mbili.

Mchanga, maji na saruji

Mchanga wenye udongo mwingi hudhoofisha zege, kwani udongo huzifunika chembe za mchanga na kuizuia saruji isizishike. Kipimo chake ni rahisi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi huyeyushwa katika nusu lita ya maji. Mchanga hutiwa katika chupa nyeupe yenye kuta zilizonyooka hadi kufikia nusu, maji hayo huongezwa, chupa hutikiswa sana na kuachwa kwa saa 3. Mchanga hutua chini na udongo laini hutanda juu yake. Kimo cha udongo kikizidi sehemu 8 katika kila sehemu 100 za kimo cha mchanga, mchanga huo uoshwe au ukataliwe. Mchanga wa pwani ya bahari haufai kabisa kwa zege lenye nondo, maana chumvi yake huharakisha kutu.

Maji nayo yana kiasi chake. Wengi hudhani kuwa zege hukauka kama nguo iliyoanikwa. La hasha: zege hugeuka kuwa gumu kwa sababu saruji huungana na maji kikemia. Mfuko wa kilo 50 huhitaji lita 12 hivi tu kwa muungano huo, na mengine hutiwa ili zege lilainike, jumla yake ikiwa lita 25 hadi 30. Yanayozidi hupotea hewani na kuacha vitundu. Mnamo mwaka 1918 mtafiti Duff Abrams, akifanya kazi Chicago, Marekani, alionyesha kwamba kadiri maji yanavyozidi kwa kulinganishwa na saruji, ndivyo nguvu ya zege inavyopungua. Zege linalotiririka kama uji humpunguzia kibarua jasho, lakini humpunguzia mwenye nyumba uimara.

Kiasi cha saruji huweza kuhakikiwa kwa hesabu. Katika mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, mita moja ya ujazo ya zege hula mifuko 6 na zaidi kidogo. Jamvi la mita 5 kwa 4 lenye unene wa sentimita 10 ni mita 2 za ujazo. Mifuko mitupu ikihesabiwa jioni, ipatikane 12 au 13. Ikiwa ni 8, yafaa fundi aeleze.

Nondo na siku za kumwagilia

Zege hustahimili sana kukandamizwa, lakini hukatika upesi likivutwa; kazi ya kuvutwa ni ya nondo. Kabla linta haijamwagwa, nondo ziinuliwe kwa vipande vya zege ili zizungukwe na zege la milimita 25 au zaidi kila upande. Nondo iliyolala juu ya mbao itabaki wazi na kuliwa na kutu.

Baada ya hapo zege lisiachwe juani. Lifunikwe kwa magunia na kumwagiliwa kwa siku 7 angalau, kwani likikosa maji mapema muungano ule hukoma.

Mipaka ya ukaguzi huu

Vipimo hivi ni vya nyumba ya chini. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Uzito wa ghorofa haupimwi kwa chupa na kamba; kazi hiyo ni ya wahandisi.

Wala kukagua si kumshuku fundi. Fundi mwema hufurahi kazi yake ionwe ingali wazi, kwa sababu ikishafunikwa, sifa yake nayo hufunikwa pamoja na makosa ya wengine.