Usiku Mmoja Katika Hoteli ya Kale ya Yokohama

Mama mpenzi msomaji, ukisikia hoteli ya kifahari, huenda wazo la kwanza linalokujia ni karo ya shule. Hata sisi ndilo lililotujia. Tulikaa chini na daftari, mume na mke wa miaka ishirini ya ndoa, tukaandika bei ya usiku mmoja upande huu na mahitaji ya watoto upande ule. Mwisho tukaafikiana hivi: mafunzo ya kikazi ya baba huko Japani yakimalizika, tungelala siku tatu katika nyumba ya wageni ya bei nafuu, na usiku mmoja tu, wa kuadhimisha ndoa yetu, tungelala Hotel New Grand mjini Yokohama. Fedha zilitoka katika kibubu cha mama cha miaka minne, wala hazikugusa karo. Tunalisema hili mapema ili asiwepo wa kutuuliza.

Yokohama ni mji wa bandari, karibu nusu saa kwa treni kutoka Tokyo. Zamani palikuwa kijiji kidogo cha wavuvi. Mwaka 1859 bandari ilifunguliwa kwa biashara na mataifa ya nje, na haukupita muda mrefu wafanyabiashara, mabaharia na wamisionari wakawa wamejenga nyumba zao hapo. Leo ni mji wa pili kwa wingi wa watu katika Japani, wenye wakazi wapatao milioni 3.7.

Hoteli inatazamana na bahari, na kati yake na maji iko bustani ndefu iitwayo Yamashita. Tulidhani ni bustani kama bustani nyingine. Kumbe ina habari nzito. Septemba 1, 1923, tetemeko kubwa la ardhi, pamoja na moto uliofuata, liliuharibu mji huu vibaya sana. Hata hoteli mashuhuri ya wakati ule, Grand Hotel, iliangamia. Kifusi cha mji kikasombwa, kikamwagwa ufukweni, na juu ya kifusi hicho ikatengenezwa bustani, ikafunguliwa mwaka 1930. Kwa hiyo unapoketi kwenye benchi kutazama meli, chini ya miguu yako kuna matofali ya majiko ya akina mama wa siku zile. Hoteli mpya ilikuwa imetangulia kufunguliwa, Desemba 1927, kwa ushirikiano wa mji na wafanyabiashara wake, miaka minne tu baada ya msiba.

Mwenye kutazamia dhahabu ya kumetameta hataiona. Ngazi pana zenye zulia la buluu zinapanda hadi ukumbi wa zamani wenye nguzo, viti vizito vya mbao na madirisha marefu. Watu huongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Upo pia mnara wa ghorofa 18 ulioongezwa mwaka 1991, na kutoka juu yake bandari huonekana vizuri zaidi. Sisi tulichagua jengo la zamani. Charlie Chaplin alilala humo, na mcheza besiboli Babe Ruth pia, lakini hao hawakutushughulisha sana. Kilichomshika mama, ambaye kazi yake ni uuguzi, ni kitanda. Shuka lilikuwa limekunjwa pembe zake barabara, limevutwa bila mkunjo hata mmoja, vile vile wakufunzi wetu walivyokuwa wakitudai wodini. Tulisimama tukalitazama. Miaka mingi mno tumetandikia wengine. Usiku ule tulitandikiwa, na hatukujua mikono tuiweke wapi!

Kwa mama atakayejaliwa kusafiri, yapo mambo machache ya kujua. Katika hoteli nyingi za Japani chumba hakipatikani kabla ya saa tisa alasiri, lakini mizigo yako itapokelewa hata ukifika asubuhi. Usimpe mhudumu bakshishi, kwani si desturi yao na unaweza kumtia haya. Ada ya huduma huhesabiwa ndani ya bili. Plagi zetu za meno matatu hazingii ukutani kwao, na umeme wao ni volti 100. Vazi jepesi la kulalia liitwalo yukata hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya upande wa kulia. Usigeuze, maana upande wa kulia ukiwa juu, huko ndiko kumvika maiti.

Sasa tuje mezani, kwa sababu hapa ndipo tulipopata thamani ya fedha zetu. Mpishi mkuu wa kwanza wa hoteli hii alikuwa Mswisi, Saly Weil. Husimuliwa kwamba siku moja mgeni mmoja aliyekuwa akiumwa aliomba apikiwe kitu laini kitakachopita kooni kwa urahisi. Weil akachukua wali wa siagi, akaweka juu yake kamba waliopikwa katika mchuzi mzito wa krimu, akanyunyiza jibini, akatia katika oveni mpaka juu pakawa pekundu. Chakula hicho wakakiita doria, na leo hupikwa katika nyumba na mikahawa kote Japani. Tulikila kwenye mkahawa wa chini wa hoteli. Ni chakula kizuri, ingawa kwa mgonjwa wa tumbo sisi tungepunguza krimu. Lakini ona jinsi kilivyozaliwa: mtu hakuweza kula, na mpishi hakumwambia kwamba jikoni kuna hiki na hiki tu. Mara ngapi tumeurudisha uji wa mgonjwa jikoni ukiwa umejaa bakuli, tukaandika kwamba amekataa kula!

Njaa nayo ilifika katika nyumba hii. Agosti 30, 1945, Japani ikiwa imeshindwa vita na sehemu kubwa ya Yokohama imeteketezwa kwa mabomu, Jenerali Douglas MacArthur wa Marekani aliwasili akalala hapa. Chumba chake, namba 315, kipo hadi leo. Inasimuliwa kwamba asubuhi aliagiza mayai, akangoja sana, na mwisho akaletewa yai moja tu, kwa kuwa katika mji mzima hayakupatikana mengine. Jeshi la Marekani liliichukua hoteli mpaka mwaka 1952. Katika miaka hiyo wapishi, ili kuwafurahisha wake wa maofisa, walibuni kitindamlo cha kastadi, aiskrimu na matunda yaliyopangwa katika sahani ndefu. Tuliagiza kimoja kwa vijiko viwili. Ni kitamu kweli, na kinapendeza macho. Hata hivyo hatukuacha kuwafikiria akina mama wa Kijapani waliokuwa nje ya mlango ule, wakitafuta viazi vya kuwapa watoto.

Dakika chache kwa miguu kutoka hotelini lipo Kanisa la Kaigan, ambalo ushirika wake ulianzishwa mwaka 1872. Daktari mmisionari James Hepburn na mkewe Clara waliishi mjini hapa, na mwaka 1870 Mary Kidder alianza kufundisha wasichana katika zahanati ya daktari huyo. Shule ya Ferris iliyotokana na darasa lile ingali inasomesha.

Usiondoke kabla ya kuingia katika meli Hikawa Maru, iliyofungwa gati mbele ya bustani tangu mwaka 1961. Ilianza safari mwaka 1930 ikichukua wasafiri kwenda Seattle, na vyumba vyake vya daraja la kwanza vinashindana na vya hoteli. Wakati wa vita ilipakwa rangi nyeupe, ikawa meli ya hospitali. Iligonga mabomu ya baharini lakini haikuzama, na amani iliporudi ikawarejesha Wajapani makwao kutoka nchi za mbali. Siku hizi ni makumbusho, na kwa kawaida hufungwa Jumatatu. Baba alitaka kushuka moja kwa moja kwenye injini, naye alikaa huko karibu saa nzima. Mama alibaki juu, katika chumba cha kulia chenye meza zilizopangwa vyombo kama kwamba wageni wanakuja, akihesabu kwa macho ni vitanda vingapi vya majeruhi vingeweza kuenea humo.