Sikio linapiga mlio? Kagua na taya

Usiku Newala pametulia, lakini wewe unasikia "ziii" sikioni, kama nyenje. Wengi wakisikia hivyo humwagia sikio mafuta au kulichokonoa kwa pamba. Acha kwanza. Wakati mwingine tatizo lipo kwenye taya.

Kiungo cha taya kipo mbele tu ya sikio. Weka kidole hapo, fungua na ufunge mdomo, utakisikia kikicheza. Neva zake huwasiliana na njia za usikivu kwenye ubongo, ndiyo maana kikiumia unaweza kusikia mlio ambao mwenzako hausikii.

Dalili kuwa ni taya:
• Mlio hubadilika ukibana meno au kupanua mdomo
• Taya hulia "ta!" au huuma ukitafuna
• Unaamka taya zimekaza kwa kusaga meno usiku

Ufanyeje? Kwa wiki kadhaa pumzisha taya: miwa, korosho, mahindi ya kuchoma na bigijii visubiri. Usifungue soda kwa meno. Kanda kwa kitambaa cha uvuguvugu. Usiku washa redio kwa sauti ndogo, mlio hausumbui sana.

Usipopungua, nenda Mkomaindo ukiwa Masasi, au hospitali ya wilaya ukiwa Newala. Mweleze daktari habari za taya, si sikio tu. Kama umetumia kwinini, mtajie. Nayo huleta mlio.

Usikivu ukipotea ghafla, au mlio ukidunda pamoja na moyo, wahi siku hiyohiyo.