Kangomba ya Kura

Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 hujadiliwa zaidi Dar es Salaam na Dodoma, na wanasheria na makatibu wa vyama, ilhali mmoja wa watu inaowagusa zaidi ni mkulima wa korosho wa Masasi au Newala. Sababu ni kalenda. Uchaguzi mkuu hufanyika Oktoba na kampeni hufunguliwa mwishoni mwa Agosti. Mwaka 2020 zilianza tarehe 26, mwaka 2025 tarehe 28. Kura za maoni ndani ya vyama hutangulia kidogo. Sasa tazama shamba la mkorosho katika miezi hiyo. Mkulima ameshapalilia, ameshalipa vibarua, amekuwa akipuliza salfa kuzuia ubwiriubwiri, fedha za msimu uliopita zimekwisha siku nyingi, na mnada wa kwanza kwa kawaida haufiki kabla ya Oktoba. Ni wakati huo huo ndipo wanapopita watia nia na wapambe wao. Noti ya elfu kumi iliyokunjwa na kuachwa kiganjani wakati wa kuagana, pamoja na kanga na fulana, ina uzito mwezi Agosti ambao haitakuwa nao Desemba, pale fedha za korosho zitakapokuwa zimeingia.

Watu wa Kusini hawahitaji mtaalamu awaeleze biashara ya namna hii, maana wanayo yao na inaitwa kangomba. Mchuuzi hupita majumbani kabla ya mnada, hupima korosho kwa chombo chake badala ya mizani, hulipa taslimu papo hapo, na bei yake huwa chini mno ya ile ambayo mkulima angeipata kupitia chama chake cha msingi. Anayeuza si mjinga. Ana mgonjwa, ana sare za shule za kununua, ana wiki kadhaa za kuvuka. Serikali imepiga marufuku kangomba kwa kutambua kwamba mapatano kati ya aliyebanwa na mwenye fedha mkononi hayana uhuru, hata kama pande zote mbili zimeridhia. Hoja yangu ni kwamba kura nayo hununuliwa kwa kangomba, katika miezi ile ile na kwa sababu ile ile. Sheria ya fedha za uchaguzi ingesomwa kwa macho hayo, kama kinga ya muuzaji aliyebanwa, tungeona haraka ni wapi inafaa na ni wapi inavuja.

Hasara ya muuzaji huonekana baadaye, na kwa ukanda huu ilionekana waziwazi mwaka 2018. Hadi mwaka huo, asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ilikuwa haki ya kuendeleza zao lenyewe, na fedha hizo ndizo zilizowezesha, katika msimu wa 2017/18, wakulima kupewa salfa bure. Juni 2018 serikali ilipeleka bungeni pendekezo la kuupeleka ushuru wote Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini, wa CCM na wa upinzani, walisimama kulipinga. Likapita. Uzalishaji uliokuwa umefikia takriban tani 313,000 msimu wa 2017/18 ukashuka hadi karibu tani 225,000 msimu uliofuata. Sisemi kwamba kushuka kote huko kulitokana na kifungu kimoja, lakini mkulima aliyekosa salfa mwaka ule hakuwa na haja ya kuelezwa maana ya kura ya bungeni. Ukumbi wenye wabunge zaidi ya 300 ulikuwa na watu wachache waliokuwa na la kupoteza kwa wenye mikorosho, na wengi wenye la kupoteza kwa chama kilichowapitisha na kwa watu waliogharamia safari yao. Ukichukua elfu kumi, unayempeleka Dodoma ana mkopo wa kulipa, na mdai si wewe. Wewe ulishalipwa.

Utetezi wa kwanza wa desturi hii ulikuwa kwamba ni ukarimu wetu. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani kitu anachotoa mgombea kwa nia njema, kwa mujibu wa mila. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wawili walikipeleka kifungu hicho Mahakama Kuu, na Aprili 2006 majaji wakakitangua: hakikuweka mpaka unaoonekana kati ya ukarimu na rushwa, na kilimbagua mgombea asiye na cha kutoa. Hukumu ilikuwa sahihi kisheria, na hata kimila. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, kama kwingineko nchini, anayekirimiwa ni mgeni. Hapa mgeni ndiye anayewasili na sufuria za pilau, na wenyeji ndio wanaopanga foleni.

Msukumo wa kutunga sheria kamili ulitokana pia na kashfa kubwa kuliko pilau. Ukaguzi wa akaunti ya madeni ya nje katika Benki Kuu ulibaini kwamba kampuni 22 zililipwa isivyo halali shilingi bilioni 133 mwaka 2005, mwaka wa uchaguzi. Yalikuwapo madai kwamba sehemu ya fedha hizo iliendea kampeni, na CCM ikayakanusha. Machi 2010 Rais Jakaya Kikwete alitia saini Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Iliweka ukomo wa matumizi, ikataka michango mikubwa itajwe, ikadai taarifa ya mapato na matumizi baada ya uchaguzi, na, jambo la maana kuliko yote kwa jimbo la vijijini, ikagusa pia uteuzi wa wagombea ndani ya vyama. Kwa uchaguzi wa 2015 ukomo ulikuwa shilingi bilioni 6 kwa mgombea urais, na kati ya milioni 33 na milioni 88 kwa mgombea ubunge kutegemea jimbo lake. Hebu tuzigeuze korosho. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, ile aliyoitangaza Rais John Magufuli Novemba 2018, milioni 33 ni tani 10. Huo ndio ukomo wa chini kabisa, na mkulima mdogo wa Newala huhesabu mavuno yake kwa magunia.

Wapo watakaosema yote haya ni kelele, kwani kura ni siri: pokea kanga, kisha mchague umtakaye. Hoja hii ina ushahidi. Mwaka 2015 jimbo la Ndanda, wilayani Masasi, lilimchagua mbunge wa Chadema, na la Tandahimba likamchagua wa CUF, ingawa chama chenye fedha nyingi kuliko vyote nchini kilijulikana ni kipi. Wapiga kura wa huku hawaongozwi kwa fulana. Hata hivyo siri ya sanduku humlinda mtu siku moja tu, na siku hiyo majina yameshapangwa. Mahali ambapo chama kimoja kina nguvu, mbunge hupatikana kwenye kura za maoni, mbele ya wajumbe wanaojulikana kwa majina, wanaofikika kwa bodaboda katika usiku mmoja. Mwaka 2010 mshindi wa kura za maoni za CCM Iringa Mjini alienguliwa kwa tuhuma za rushwa. Mwaka 2025 chama hicho kilipanua idadi ya wapiga kura wake wa ndani, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kwamba wengi ni vigumu kuwanunua. Chama chenyewe kilikuwa kinakiri mahali tatizo lilipo. Mwalimu mstaafu wa Lulindi, au mama anayeendesha kikundi cha ubanguaji Kitangari, haangushwi na kura yako ya siri. Anakata tamaa mapema, akishapiga hesabu ya nauli na bahasha za wajumbe.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ukomo wa matumizi humlinda aliyekwisha kukaa. Asiyejulikana anahitaji fedha ili ajulikane, wakati mbunge aliyepo ameonekana miaka mitano, tena ana nafasi ya kusimamia matumizi ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Bati za zahanati na saruji ya darasa, kwa mwananchi wa kawaida, hutoka kwa mheshimiwa, si Hazina. Ruzuku ya vyama nayo hufuata kura na viti, hivyo aliyeshinda jana ndiye anayeongezewa kesho. Agosti 2025 CCM ilifanya harambee Dar es Salaam ikilenga shilingi bilioni 100, na usiku mmoja ikatangaza ahadi na michango ya zaidi ya bilioni 86. Mbele ya mizani hiyo, kumbana mgombea wa chama kidogo kwa milioni zake ni kumchinja kuku na kumwacha fisi. Nakubali. Lakini linalofuata hapo si kuuondoa ukomo, kwani aliyekaa ndiye angefaidi zaidi. Linalofuata ni kuhesabu vyote, likiwemo gari la serikali linaloonekana mkutanoni na mradi unaozinduliwa wiki mbili kabla ya kura.

Baada ya Oktoba 2025, kuna anayeuliza kuzungumzia bahasha kuna faida gani. Chadema haikuwamo kwenye karatasi ya kura, intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi, damu ilimwagika mijini, na mshindi wa urais akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Ni swali la haki, na hakuna sheria ya fedha itakayolijibu. Ila pale ushindani wa vyama unapofinywa, mashindano hayafi, yanahamia ndani, kwenye kura za maoni za ubunge, za udiwani, za uenyekiti wa kijiji, ambako fedha ina nguvu zaidi kwa kuwa sera hazitofautiani. Mtu anayegombea dhidi ya mwenzake wa chama hicho hicho atajitofautisha kwa nini, kama si kwa anachotoa?

Kenya ilitunga sheria yake ya fedha za kampeni mwaka 2013. Utekelezaji ukaahirishwa, na mwaka 2021 tume ya uchaguzi ilipotangaza viwango vya ukomo, Bunge likavikataa. Wabunge hawana haraka ya kujifunga wenyewe. Tanzania ina sheria inayotumika, na upungufu wake mkubwa kwa mtu wa Masasi ni umbali. Taarifa ya mgombea hupanda kwa chama na kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, muda mrefu baada ya matokeo, na hakuna kinacholazimisha ibandikwe ofisi ya mtendaji wa kata. Mabadiliko ambayo yangeonekana Newala ni kuibandika hapo, kwanza kabla ya kura za maoni, kisha katikati ya kampeni, ikionyesha nani amechangia, kiasi gani, na kimetumika wapi. Watasema wanakijiji hawatazielewa hesabu. Oktoba 2018 wakulima wa ukanda huu walisomewa zabuni za wanunuzi mnadani, wakapima kila bei na makato yake, wakaona haziwafai, wakagoma kuuza. Serikali ikalazimika kuingilia kati.