Kutoka Sindano hadi Picha: Miongozo ya Utambuzi wa Saratani ya Ini

Mahindi ni chakula cha kila siku kwa wengi wanaonunua nafaka katika soko la Gakoromone mjini Meru. Hata hivyo, mahindi yasiyokaushwa vyema huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Ukambani, kusini mwa Meru. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huweza kusababisha saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Je, saratani hiyo hutambuliwaje?

Awali, uthibitisho ulitegemea sindano: kinyofu cha uvimbe kilitolewa na kuchunguzwa kwa hadubini. Njia hiyo yaweza kuvujisha damu, na uvimbe mdogo huweza kuikwepa sindano. Maendeleo ya picha za kompyuta na za sumaku yalileta mbadala. Ini hupata takriban robo tatu ya damu yake kupitia vena kuu itokayo matumboni, ilhali saratani hii aghalabu hulishwa na ateri. Hivyo basi, dawa ya kung'arisha picha inapodungwa mshipani, uvimbe hung'aa mapema, kisha hufifia kuliko ini linalouzunguka.

Kwa msingi huo, wataalamu waliokutana Barcelona mwaka 2000 waliidhinisha utambuzi kwa picha, ila kwa uvimbe unaozidi sentimita 2 na kwa masharti makali. Mwongozo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 uliridhia picha ya aina moja kwa uvimbe unaozidi sentimita 1. Mwaka huohuo ulizinduliwa mfumo wa LI-RADS, uliosanifisha istilahi za ripoti na kupanga madaraja ya uhakika: 1 si saratani, 5 ni saratani bila shaka.

Ikumbukwe kwamba ruhusa hii inawahusu hasa wenye ini lililojaa makovu au homa ya ini B sugu. Mlaji wa mahindi yenye sumu asiye na maradhi hayo bado huhitaji sindano, kwa kuwa kwake picha ileile yaweza kumaanisha jambo jingine. Kama matini yoyote, picha husomwa katika muktadha wake. Kwa hiyo, anayemfafanulia mgonjwa ripoti kwa Kiswahili hana budi kutenganisha "yamkini" na "hakika", kwani baina ya maneno hayo mawili ndipo uamuzi wa tiba ulipo.