Farasi Hasikii, au Mpandaji Hajafunzwa?

Wazazi wa Kiislamu waishio Ulaya, ambao watoto wao wameingia katika mchezo wa farasi uitwao dresaji, hawakawii kukutana na lalamiko hili: farasi ni mzito, hasikii. Akibanwa kwa miguu, haendi; akivutwa hatamu, hukaza shingo. Hapo baba huombwa fedha za lijamu kali zaidi, au huambiwa mnyama auzwe, atafutwe mwingine. Sisi tunasema fedha hizo alipwe mwalimu, na anayefunzwa awe mpandaji.

Kwa asiyeifahamu, dresaji si mbio. Ni uwanja wa mita 20 kwa 60, ambamo farasi hutembea, huenda telki na hupiga shoti la taratibu, huku waamuzi wakitoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila zoezi. Kinachotafutwa ni kumwona mnyama wa kilo 500 na zaidi akiitika ishara ambayo mtazamaji haioni.

Uwezo huo anao. Nzi mmoja akitua ubavuni, farasi hutikisa ngozi mahali pale pale. Vipi basi asiuhisi mguu wa mtu? Ila mguu ukimbana bila kukoma huwa kama saa ya ukutani, ambayo wenyeji wa chumba hawaisikii tena. Farasi hujifunza pale mbano unapoachiwa, si pale unapoongezwa. Akipiga hatua, mguu ulegee papo hapo. Kulegea huko ndiko kunakomwambia kwamba amefanya sawa. Anayechelewa kulegeza humfundisha kuwa kutii na kutotii ni mamoja. Na yule asiye imara mgongoni hujishikilia kwa hatamu: miguu yasema nenda, mikono yasema simama, kama dereva aliyekanyaga mafuta na breki kwa pamoja, na chuma kimo kinywani mwa kiumbe asiyeweza kujitetea.

Ndiyo sababu katika Shule ya Upandaji Farasi ya Kihispania mjini Vienna, Austria, mwanafunzi mpya hapewi hatamu. Hupandishwa farasi dume mzoefu, bila hatamu wala vikuku vya kukanyagia, mwalimu akiwa ameshika kamba ndefu na farasi akimzunguka. Hufundishwa kukaa tu, kwa muda mrefu, mpaka kiuno chake kifuate mwendo wa mgongo na mikono isitafute pa kushika. Kuhitimu huchukua miaka mingi. Na farasi wenyewe, tusiache kulitaja hili, wana damu ya Kiarabu: mojawapo ya koo zao yatokana na dume wa Kiarabu aitwaye Siglavy, aliyezaliwa mwaka 1810. Alois Podhajsky, aliyeiongoza shule hiyo tangu 1939 hadi 1964, na aliyepata medali ya shaba katika Olimpiki ya 1936, aliandika kitabu ambacho jina lake lawaita farasi walimu wake.

Kwa Muislamu haya si mageni. Imam Muslim amepokea kwamba Bi Aisha (r.a.) alipanda ngamia mkaidi, akawa anamrudisha huku na huko, na Mtume (s.a.w.) akamwagiza upole. Agizo lilikwenda kwa mpandaji, si kwa ngamia. Aidha, katika hadithi waliyoipokea Abu Dawud na an-Nasai, mtu kumfunza farasi wake kumetajwa miongoni mwa michezo yenye kukubalika, na neno lililotumika ni ta'dib, lenye mzizi mmoja na "adabu" yetu. Ajabu ni kwamba sisi Waswahili tukisikia fulani ametiwa adabu, hufahamu kuwa amechapwa. Punda wa pwani yetu ni mashahidi.

Mzazi na aanze kwa daktari wa mifugo, akaguliwe meno na mgongo, na tandiko litazamwe kama lamkaa sawasawa, kwani anayeumwa si mkaidi. Akionekana mzima, mtoto aombewe masomo ya kamba, dakika 20 au 30 kwa siku zatosha. Kisha lije somo la kuitika: ishara nyepesi kwanza, isipoitikiwa, iongezwe mara moja kwa uwazi na iachwe papo hapo, halafu irudiwe ile ile nyepesi, ili farasi apewe nafasi ya kuijibu. Mwalimu ambaye siku ya kwanza anamkabidhi mtoto fimbo, tungependa mzazi amshukuru na atafute mwingine.