Simbilisi Akiacha Kula

Hapana shaka wako wasomaji watakaocheka waonapo kichwa cha habari hii. Watasema: mambo ya mfanyakazi ni mengi, kuna mshahara, kuna nauli, kuna bei ya unga, na leo mwatueleza habari za tumbo la kijinyama kisichozidi kilo moja! Nasi twawajibu kwa heshima kwamba tumefika Katubuka, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, tukaingia nyumbani kwa kuli mmoja wa bandarini, tukaoneshwa mahali walipozikwa wanyama wanne waliokufa katika wiki moja. Hawakuuawa na mwizi wala na paka. Waliuawa na huruma. Wanyama hao walikuwa madaftari ya mtoto wa darasa la sita, na sare yake, na kitoweo cha nyumba siku mfuko ukiwa mtupu. Aliyepotewa na hayo hacheki.

Mnyama tunayemzungumzia ni simbilisi. Wengi humwita pimbi, ijapokuwa pimbi wa kweli ni yule akaaye majabalini, naye ni wa ukoo mwingine kabisa. Ndugu zetu wa Kivu, ng'ambo ya ziwa, humwita dende. Waingereza wamemtwika jina la nguruwe bila haki yoyote, maana udugu wake ni na panya na nungu. Asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, ambako watu walimfuga maelfu ya miaka kabla ya Wazungu kufika, na hata leo humla. Katika Kivu ya Kusini watu walijua thamani yake kwa njia ya uchungu: vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwanyang'anya wengi ng'ombe na mbuzi wao, lakini mnyama akaaye jikoni penye giza haonekani upesi na mwenye bunduki, na mama akikimbia aweza kumtia kikapuni. Wengi wa waliovuka Ziwa Tanganyika mwaka huo wakafikia Kigoma wanaifahamu habari hiyo kuliko sisi.

Basi, binti wa nyumba ile ya Katubuka alianza na majike wawili na dume mmoja. Mimba ya simbilisi huchukua miezi miwili na siku chache, naye huzaa watoto wawili, watatu, hata wanne, wenye manyoya na macho yaliyofumbuka, ambao huanza kuonja majani wakingali wachanga kabisa. Binti akauza wengine, akabakiwa na tisa. Kila alfajiri alikata nyasi, akazianika kidogo, akawapa. Wakaishi vizuri.

Mvua zilipokolea, kukata nyasi kukawa taabu. Mtu mmoja wa nyumba hiyo akaleta kutoka sokoni Mwanga gunia la majani ya kabichi yaliyotupwa na wauzaji, yamelowa, na katikati ya gunia yamekwisha kupata joto. Wanyama wakamiminiwa yote kwa mara moja. Kesho yake wawili waliharisha, na wa tatu alijikunyata pembeni, manyoya yamemsimama. Simbilisi mzima asikiapo nyayo za amletea chakula hupiga mluzi. Yule hakutoa sauti.

Mjomba wa binti, mtu mwema, alikwenda katika duka moja la dawa akaulizia dawa ya tumbo. Akapewa vidonge vya amoksisilini, dawa ya binadamu. Akavifungua, akauchanganya unga wake katika uji, akawanywesha wote tisa, ili na wazima wakingike. Siku ya tatu vifo vikaanza, na wa kwanza kufa ni jike ambaye hakuwa mgonjwa hata kidogo. Kabla ya wiki kwisha wamekufa wanne. Jambo hilo likawatia watu hofu. Mgonjwa akifa hapana ajabu, lakini mzima je? Jina la jirani mmoja, mama auzaye dagaa, likaanza kutajwa kwa minong'ono kwamba jicho lake si zuri.

Hapo ndipo tulipoitwa, nasi tukafuatana na Bwana Mifugo. Aliuliza maswali mawili tu: wamekula nini, na wamepewa dawa gani. Aliposikia jina la dawa akatikisa kichwa. Binti akamwuliza baba yake mbele yetu, "Baba, kumbe dawa ndiyo imewaua?" Baba hakujibu, akamtazama shemeji yake, naye shemeji akatazama chini.

Hatutaki kumlaumu mjomba, kwa maana jambo hili liliwashangaza hata mabingwa. Penisilini ilipojaribiwa Oxford tarehe 25 Mei 1940, majaribio yalifanywa kwa panya wanane weupe waliotiwa vijidudu vya maradhi. Wanne hawakupewa dawa wakafa, na wanne waliopewa walikuwa wangali hai. Mwaka 1943 wataalamu wengine waliwapa simbilisi dawa hiyo hiyo, na simbilisi wakafa. Laiti Oxford wangeanza na simbilisi badala ya panya, yamkini dawa iliyookoa mamilioni ya watu ingalitupwa kuwa ni sumu.

Sababu yake ni hii. Simbilisi hula nyasi, lakini si yeye azisagaye mpaka mwisho. Ndani ya tumbo lake mna mfuko mkubwa wa utumbo, ambao peke yake hubeba zaidi ya nusu ya chakula chote kilichomo njiani, na ndani ya mfuko huo wamo bakteria wema wasiohesabika. Hao ndio wafanyakazi wake: huchachua nyasi na kuzigeuza kuwa lishe. Kisha simbilisi hutoa kinyesi cha namna mbili. Kimoja kigumu cha kutupwa, na kingine laini, ambacho hukipokea kwa kinywa moja kwa moja akakila tena apate kilichobaki ndani yake. Mwenye kuona asidhani ni uchafu au wazimu. Sasa, dawa za jamii ya penisilini, yaani amoksisilini na ampisilini, pamoja na klindamaisini na erithromaisini, zipitapo kinywani huwaua wale bakteria wema. Nafasi yao hushikwa na bakteria wabaya wasiouawa na dawa hiyo, nao hutoa sumu. Ndiyo maana mzima aliyekunywa alikufa sawasawa na mgonjwa. Jicho la jirani halikuwamo.

Ziko dawa za bakteria ambazo simbilisi huzistahimili, kama zile za salfa, lakini kuchagua na kupima ni kazi ya daktari wa mifugo. Mtu asimpe simbilisi kidonge kilichobaki kabatini, hata kama kilimponya mtoto wake jana.

Je, mwenye mgonjwa afanye nini usiku huo, na Bwana Mifugo yuko mbali?

Kwanza ajue kwamba saa zinahesabiwa. Tumbo la simbilisi halikuumbwa kusimama. Ng'ombe aweza kupitisha siku bila kula akaishi. Simbilisi aliyefunga kutwa moja na usiku wake amekwisha kuingia hatarini, kwa maana utumbo hulala, hewa hujaa, na mafuta ya mwili huanza kuziba ini. Wala hawezi kutapika akapata nafuu. Kwa hiyo asiyekula alishwe. Atengwe na wenzake mahali pakavu penye joto la kiasi. Nyasi changa zitwangwe kinuni mpaka zilainike, zitiwe maji safi ziwe kama uji mwepesi, zichujwe nyuzi ndefu. Litwaliwe bomba la sindano jipya, sindano yenyewe iondolewe itupwe mahali salama. Mnyama apakatwe akiwa wima kama alivyo, asilazwe chali, maana atapaliwa. Ncha ya bomba ipitishwe pembeni mwa kinywa, nyuma ya meno ya mbele, atiwe mililita moja, angojwe atafune na kumeza, kisha nyingine. Kwa mnyama mzima mililita 10 au 15 kwa mlo zatosha, na mlo urudiwe kila baada ya saa tatu au nne, usiku na mchana. Anayeharisha hupoteza maji mengi, basi na anyweshwe pia kwa njia hiyo maji ya chumvi na sukari yatokayo katika pakiti za dawa ya kuharisha.

Walakini kuna hali moja ambayo hairuhusu kulisha. Tumbo likiwa limewamba kama ngoma, mnyama anasaga meno kwa maumivu na anahema kwa shida, asitiwe kitu kinywani. Hewa imefungwa ndani, na huenda utumbo umejipinda. Huyo apelekwe kwa mtaalamu saa hiyo hiyo, na ukweli ni kwamba wengi wa namna hiyo hawaponi.

Bwana Mifugo alitufundisha jambo ambalo hatukulijua. Alimfunua kinywa mmoja wa watano waliosalia, ambaye udevu wake ulikuwa umelowa mate, akatuonyesha meno. Meno ya simbilisi, ya mbele na ya nyuma, hayaachi kukua maisha yake yote. Hupunguzwa na kusaga nyasi tu. Akizoeshwa pumba, ugali na makombo, meno hurefuka, yakamchoma ulimi, akaacha kula, tumbo likasimama. Watu husema ameugua tumbo, kumbe maradhi yalianzia kinywani.

Nyasi basi ndizo chakula, na vingine vyote ni kitoweo. Ukoka, majani ya tembo, matembele ya viazi vitamu, hivi havikosekani Kigoma. Wakati wa masika yaanikwe kivulini mpaka umande na mvua vikauke, lakini yasirundikwe yakapata joto. Chakula kipya kianzishwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki, ili bakteria wa tumboni wazoee. Hili ndilo kosa la gunia la kabichi: hata lingekuwa safi, lilikuwa jipya mno na jingi mno. Majani ya muhogo mabichi yasitolewe kamwe. Kila mama wa Kigoma ajua kwa nini kisamvu hutwangwa na kuchemshwa sana, naye simbilisi hana kinu wala chungu.

Kiangazi nacho kina ugonjwa wake. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Jambo hili lilidhihirika Norway mwaka 1907, pale Axel Holst na Theodor Frølich walipokuwa wakichunguza maradhi ya mabaharia. Waliwalisha simbilisi nafaka tupu, wakaona wanapatwa na kiseyeye kile kile kilichowamaliza mabaharia katika safari ndefu. Kuanzia mwezi wa Juni nyasi za Kigoma hukauka, na nyasi kavu haina vitamini hiyo ya kutosha. Mnyama hupungua, viungo vya miguu huvimba, huona uchungu akishikwa, na mara nyingi huharisha. Mwenyewe akadhani ni tumbo tupu. Dawa yake inaangika mtini: kipande kidogo cha pera kila siku, au cha pilipili hoho, au matembele mabichi. Tumesema kipande kidogo, kwa sababu pera zima lina sukari, na sukari hurudisha ule uchachu tuliokwisha kuusimulia.

Jambo jingine ni la wenye nyumba wenyewe. Kinyesi cha panya kikiingia katika malisho huleta bakteria wa salmonela, ambao huua simbilisi na kuharisha watoto wa nyumba. Aliyemshika mgonjwa anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chungu, na aliyekufa kwa maradhi azikwe asipikwe. Twalisema hili kwa kuwa katika nyumba ile lilijadiliwa. Wanne walikuwa nyama nyingi, na ilikuwa tarehe za mwisho wa mwezi. Mama ndiye aliyekataa.

Tulirudi Katubuka baada ya siku tisa. Wale watano walikuwa hai, ingawa yule wa meno alikuwa angali dhaifu. Tukaambiwa kwamba kwa usiku sita mjomba ndiye aliyeamka saa nane kutwanga nyasi na kumlisha, wala hakukubali kupokezana na mtu. Bwana Mifugo alikuwa ameagiza wapimwe uzito kila wiki, maana simbilisi hukonda kabla ya kuonyesha dalili nyingine yoyote, na nyumba haina mizani. Binti alikwenda kuazima kwa yule jirani auzaye dagaa. Mama yule akaileta mwenyewe, akaifuta kwa kanga, akaweka juu yake bakuli, na yule dhaifu akatiwa ndani. Wiki iliyotangulia ilisoma gramu 590. Siku ile ilisoma 640, na binti akaandika katika daftari lake la hesabu.